Kikombe Chekundu

Najib aliporudi kutoka kambi ya Ifo hakuanza na salamu. Alitoa mfukoni mwa koti kikombe cha chuma kilichofungwa kwa gazeti, akakibwaga juu ya meza ya kazi ya kakake kama mtu anayerudisha chenji.

"Amana yako hiyo, walaal. Kesho usije ukasema ndugu yako ni mla vya watu."

"Nimesema lini?" akauliza Mahat.

"Hujasema. Lakini hukawii."

Mahat aliinua uso, akaugeuza upande kidogo kama kuku anayechungulia punje. Siku hizi alitazama hivyo. Waliokuwa pale waliona ni maringo ya fundi aliyepata jina. Aliyejua kisa chake alikuwa mmoja tu, Kaltun, mkewe, aliyekaa nyuma yake juu ya ndoo iliyopinduliwa, birika la chai mbele yake na kopo la vikombe vya chuma kando ya mguu.

Gereji yenyewe haikuwa na ukuta wala mlango. Ilikuwa kipande cha ardhi kilichoshiba mafuta machafu, nyuma ya soko la mifugo la Garissa, na mabati machache juu ya miti. Kilichoifanya iitwe gereji ni pula. Pula ni mikono ya chuma yenye skrubu nene katikati, ndiyo inayong'oa habu, kile kitovu cha gurudumu la lori, ikishikwa na matope na kutu. Ila pula haiishiki habu hivi hivi. Kati ya hizo mbili lazima kiingie kikombe, ambacho mafundi hukiita adapta: upande mmoja kinafungwa kwenye pula, upande wa pili kina thredi, ile mikato ya kuzunguka, inayouma kwenye mdomo wa habu. Na kila kabila la lori lina thredi yake. Lori za Kiingereza zilipimwa kwa inchi, za Kijapani na za Kitaliano kwa milimita. Ukizichanganya zitakubaliana mzunguko wa kwanza na wa pili, halafu zinakazana kama ndoa ya kulazimishwa.

Mahat alikuwa na kopo zima la vikombe hivyo, kila kimoja amekipaka rangi. Chekundu kilikuwa cha lori za Kiingereza za Haji Olow, zile zilizopeleka unga na mafuta kambini. Lori za Haji Olow ndizo zilizowavisha watoto wa Mahat.

Hicho chekundu ndicho Najib alichokiazima kwenda Ifo, na hakuna aliyemnyima. Kwao ndugu akiomba ngamia wa kukamua, hupewa. Mwenye kunyima huachwa peke yake na maziwa yake. Chuma cha kazi nacho kilihesabiwa hivyo hivyo.

"Kitazame basi," alisema Najib. "Usikipokee gizani."

Watu wawili watatu waliokuwa wakinywa chai waligeuka. Mahat alilifungua lile gazeti, akakiinua kikombe karibu na uso, akakizungusha.

"Ni chenyewe," alisema.

Najib alitabasamu, akachukua glasi ya chai bila kuomba.

*

Alasiri ile, watoto walipokwisha kula na kutoka nje, Kaltun alikileta kile kikombe ndani, akakiweka mkononi mwa mumewe.

"Hiki si chetu."

"Naa Kaltun, usinianzie."

"Rangi yake mbichi, inanuka. Na chetu kilikuwa na kovu mdomoni, pale ulipokipiga nyundo mwaka wa ukame. Hiki mdomo wake mzima kama jino la mtoto. Amekipoteza chetu au amekiuza, akaokota kingine sokoni Ifo, akakipaka."

Mahat alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya thredi. Alikwenda polepole, akarudi, akaenda tena. Kisha ukucha ulisimama. Kaltun aliuona ukisimama.

"Umesikia kitu," alisema.

"Nimesikia mdomo wako."

"Mrudishie, Mahat. Mwambie si chetu."

"Nimwambie nini? Ataniuliza mbele ya watu, mbona ulikitazama ukakipokea? Atanipa nikitazame tena. Yule ananinusa, hujaona? Ananinusa kama fisi anayenusa mnyama mgonjwa." Alikirudisha kikombe mkononi mwa Kaltun. "Weka kwenye kopo. Nyekundu ni nyekundu."

Chanzo cha yote kilikuwa homa iliyokuja na mvua, ile iliyoangusha mbuzi na ngamia mpaka mbwa wakachoka kula. Mahat alikuwa amemchinjia jirani mbuzi mgonjwa. Wengi walioshikwa na homa ile walizikwa katika matope, yeye aliinuka. Lakini homa ilipomwacha iliondoka na katikati ya macho yake. Pembeni aliona vivuli tu, aliona mlango, aliona mtu anapita. Kile alichokikazia macho ndicho kilichopotea, kama kioo kilichopumuliwa. Daktari aliyepita hospitalini alimwambia asubiri. Alisubiri, na huku akisubiri watoto walikula.

Basi wakaunda mbinu. Kaltun alihamisha biashara yake ya chai kutoka sokoni akaileta gerejini. Mahat akisema, "Nipe ya kijani," alimtilia ya kijani kiganjani. Akisema, "Spana ya kumi na tisa," alimpa. Mikono ya Mahat ilikuwa ingali ya fundi, ikikishika kitu inajua la kufanya. Wateja walicheka. Kulow, dereva wa Haji Olow, ndiye aliyesema kwamba watu wengine wameoa mke lakini Mahat ameoa sanduku la spana. Kaltun alicheka nao. Usiku na mchana alikuwa akimwomba Mungu amsamehe, kwa sababu mamake alimfundisha kwamba siku ya hesabu kinywa hunyamaza mkono ukasema, naye mkono wake ulikuwa ukidanganya kila siku kutoka asubuhi mpaka magharibi.

*

Lori la Haji Olow liliburutwa kwa trekta kutoka barabara ya Dadaab, barabara iliyokuwa imegeuka mto. Gurudumu moja la mbele halikuzunguka kabisa. Haji Olow alikuja nalo mwenyewe, kanzu ameipandisha hadi magotini, viatu mkononi.

"Unga uko juu, Mahat. Ukilowa hata punda hawali."

"Utaondoka leo, Haji."

"Niliambiwa hivyo jana na trekta."

Kulow aliruka kutoka juu ya lori. Alikuwa mtu wa mzaha, mrefu, mwenye mwanya wa meno alioupenda mwenyewe. "Kaltun, nipe chai. Na leo usinihesabie sukari, nimelala na mbu."

"Sukari ni ya wenye kulipa ya jana."

"Walahi mwanamke huyu angezaliwa mwanamume angekuwa karani wa kodi."

Mahat alivua gurudumu, akaondoa kifuniko na nati kubwa ya ndani. Habu haikutikisika. Najib alikuwapo, ameegemea bodi ya lori, mikono kifuani. Hakushika spana.

"Nipe nyekundu," alisema Mahat.

Kaltun alitia mkono katika kopo, akakitoa, lakini hakukipeleka. Alimwinamia sikioni. "Ni kile kile kilichokuja na gazeti."

"Nipe."

"Mahat, tuazime kwingine."

"Waryaa Mahat," Haji Olow aliita, "unafanya kazi au unaposa?"

Watu walicheka, na Najib akacheka kuliko wote. Masikio ya Mahat yalibadilika rangi. Alinyosha kiganja nyuma, na Kaltun akakiweka kikombe kiganjani.

Kiliingia mzunguko wa kwanza kwa ulaini, na wa pili. Wa tatu ukawa mzito.

"Matope," alisema Mahat, bila kuulizwa.

Alifunga pula, akapachika spana kwenye skrubu, na kwenye mkono wa spana akavika bomba refu la kuongezea nguvu. Kwa mafundi wa pula kuna jambo moja lisilovunjwa: kabla ya kukaza mara ya mwisho, fundi hutazama mbele mwenyewe, kwa macho yake, kwa kuwa pula ikiachia huruka kama teke la ngamia. Mahat alikuwa amefanya hivyo miaka yote, na watu walimzoea akifanya hivyo. Siku ile aliuliza.

"Mbele kuko wazi?"

Hakuna aliyejibu. Kila mmoja alijua fundi ana macho. Na ndipo Kulow alipokatiza mbele ya gurudumu, glasi mkononi, akimgeukia Kaltun kudai kijiko kimoja zaidi.

Kaltun alifungua kinywa. Mahat alikuwa ameshalilalia bomba kwa uzito wake wote.

Chuma kilipiga ukelele mfupi. Pula iling'oka pamoja na kikombe ikampata Kulow usoni, akaenda chini bila neno. Glasi yake ilitua kwenye matope ikasimama wima, chai imo ndani.

"Imetoka?" aliuliza Mahat. "Habu imetoka?"

*

Hospitalini, muuguzi aliyetoka bara alimwendea Kaltun kwa kuwa ndiye mwenye damu nyingi nguoni. Kichwa cha Kulow kilikuwa mapajani mwake njia nzima.

"Mama, wewe ni nani wake?"

"Mimi si mtu yake. Mimi bibi ya fundi."

"Fundi gani?"

"Ile nayefungua gari. Chuma naruka, nabiga yeye hapa." Alionyesha jicho, akaonyesha taya.

"Nani alikuwa anashika hicho chuma?"

Kaltun alitazama mlangoni. Mahat alikuwa amesimama pale, uso upande, na Najib amemshika kiwiko kwa mapenzi makubwa.

"Bwana," alisema Kaltun. "Na mimi."

Muuguzi aliandika, akaenda zake. Neno lile "na mimi" Kaltun alilitoa kwa huruma, ili lisimwelemee mumewe peke yake. Najib alilisikia, akalihifadhi.

Taya la Kulow lilifungwa kwa waya. Jicho halikupatikana la kufunga.

*

Mzee Alio, mkubwa wa ukoo wa Mahat, alikuja nyumbani asubuhi na Najib nyuma yake. Waliketi mkekani. Kaltun aliwatilia chai akasimama karibu na pazia, maana hakuambiwa aondoke.

"Haji Olow na watu wake wanataka haki ya jicho na ya taya," alisema Mzee Alio. "Hawana kosa. Jicho ni jicho. Lakini ukoo wetu nao, mwaka huu, nani ana mnyama? Mvua imetula, homa imetula. Nikipita nyumba kwa nyumba nitachangisha vilio."

"Kikombe kile hakikuwa chetu," alisema Kaltun.

Mzee Alio alimtazama kama mtu aliyesikia sufuria ikisema.

"Chetu kilikuwa na kovu," aliendelea, sauti haipandi. "Najib alituletea kingine amekipaka rangi. Thredi yake si ya lori lile."

"Abaayo, dada yangu," alisema Najib kwa upole, "mimi nilikirudisha mchana, mbele ya watu. Nikamwambia mwenye mali akitazame. Akakitazama." Aligeuka. "Au hukukitazama, Mahat? Sema tu. Kama hukuona, sema hukuona, hapa tuko ndugu. Uliona au hukuona?"

Nzi alizunguka mdomo wa glasi. Mahat hakumfukuza.

"Nilikitazama," alisema.

"Na kilikuwa chenyewe?"

"Kilikuwa chenyewe."

"Basi," alisema Mzee Alio, akavuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Kikombe kilichopokewa kilikuwa sawa. Kilichoingia kwenye habu hakikuwa sawa. Kopo liko kwa nani?"

Mji mzima ulijua kopo liko kwa nani.

"Alisema mwenyewe hospitalini," Najib aliongeza. "Na mimi, alisema. Muuguzi aliandika."

Kaltun alifahamu pale pale wanakokwenda. Kwa mila yao mwanamke akiolewa huzaa tu kwa watu wengine. Maisha yake yote damu anayoimwaga hulipwa na ukoo wa babake. Kosa likiwa la Mahat, watalipa akina Alio. Likiwa la mkono wa Kaltun, atalipa babake, Jelle, mzee wa Takaba aliyebakiwa na ngamia wa kuhesabika kwa vidole.

"Tutampigia Jelle taar," alisema Mzee Alio, yaani ile redio ya upepo sokoni, ambayo watu walipeana habari za vifo na harusi huku mji mzima ukisikiliza. "Chai yako nzuri, mwanangu. Ongeza."

Walipoondoka Kaltun alimpigia magoti mumewe. Hakuwahi kufanya hivyo tangu aolewe.

"Waambie huoni. Si aibu, ni homa, ni Mungu. Waambie ulikipokea hukukiona."

"Halafu?"

"Halafu Najib atabeba kosa lake."

"Halafu nani ataniletea lori? Utamlisha nani kwa ukweli wako? Fundi kipofu, Kaltun. Watoto watanichora ukutani." Alitafuta bega lake, akalipata, akalishika si kwa ukali. "Babako atasaidiwa na watu wake. Ngamia huzaa. Macho hayazai. Na ukiwaambia wewe, jua kwamba sina mke, na watoto ni wa ukoo wangu. Sikutishi. Nakuambia ilivyo."

Hakumtisha. Alimwambia ilivyo.

*

Jelle alifika juu ya lori la chumvi, vumbi limekausha ndevu zake kama unga. Walikuwa wameshaketi katika ghala la Haji Olow, wazee wa pande zote mbili, kila mmoja juu ya gunia. Magunia yalikwisha kabla yake. Alisimama kidogo akingoja mtu ainuke. Alipoona hakuna, alitandika shuka lake sakafuni karibu na mlango akaketi hapo, chini ya miguu ya watu aliowazidi umri.

"Njia ilikuwaje?" aliuliza Haji Olow.

"Ndefu."

Hakupewa maji. Labda kila mmoja alidhani mwingine amempa. Kaltun alikuwa nje ya mlango, upande wa pili wa pazia la gunia, na kati yake na kisogo cha babake hapakuwa na kipimo cha mkono. Aliona shingo yake imekonda. Aliona chanda chake kikihesabu tasbihi.

Mzee Alio alieleza kwa ufasaha na huruma. Alimsifu Kaltun kwa uchaji na bidii yake, akasema mkono wa mwanadamu hukosea, hata wa mchaji. Kulow aliletwa ndani, kitambaa usoni, taya limefungwa, mzaha wote umekwisha. Alipoulizwa nani aliyekitoa kikombe koponi, alinyosha kidole kwenye pazia. Ndivyo alivyoona, alipokuwa na macho mawili.

"Mwanamke anasema kikombe kilibadilishwa," alisema Maalim Aweys, mwalimu wa madrasa, aliyekuwa na Msahafu mapajani umefungwa kitambaa cheupe. "Mumewe anasema kilikuwa chenyewe. Hapa pana kiapo. Aingie aape."

Minong'ono ilipita juu ya magunia. Mwanamke kuapishwa mbele ya wanaume, juu ya Kitabu, kumkadhibisha mume wake: lilikuwa jambo la kusimuliwa visimani kwa miaka.

Kaltun alikuwa tayari. Alikuwa ametawadha. Tangu alfajiri alikuwa ameyapanga maneno yake moja moja kama mtu anayepanga kuni. Ataapa. Atasema kovu, rangi, ukucha uliosimama, macho. Akiachwa ataachwa. Watoto atawaombea kwa Mwenye kuwaona wote.

Aliinua pazia.

"Ngoja," alisema Jelle.

Hakuinuka. Aligeuza kichwa tu, akamwona bintiye mara ya kwanza baada ya miaka.

"Kaltun. Wewe ndiye uliyempa mumeo kile chuma, kwa mkono wako?"

"Ni mimi niliyempa, aabbe. Lakini..."

"Basi."

"Aabbe, nisikilize. Kile chuma..."

"Nimesikia nililotaka kulisikia." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza na mnyama mwenye hofu. "Sikumlea mtoto akaja kuapishwa juu ya magunia ya unga, watu wanywe chai kwa habari yake. Shusha pazia, mama."

Alimtazama mkwewe ng'ambo ya ghala. Wote wakamtazama. Ilikuwa nafasi ndogo, kama upenyo wa mlango, na ilikaa wazi kwa muda wa kutosha mtu kusema neno moja. Mahat aliketi kwenye gunia lake, uso umegeukia ukutani.

"Ngamia wangu wako Takaba," alisema Jelle. "Atakayekwenda kuwachukua asiende wakati wa kukamua, mke wangu atakuwa hajajiandaa."

Watu wa Haji Olow walimshukuru Mungu. Mzee Alio aliinuka akamkumbatia Jelle, akasema hajaona mwanamume kama huyu. Mtu mmoja alikumbuka kuleta maji.

*

Kaltun alimsindikiza stendi ya malori. Alimfungia mkate na sukari katika kitambaa. Hawakuzungumza habari ya ghala mpaka Jelle alipokwisha kupandisha fimbo yake juu.

"Hicho chuma kiko wapi?" aliuliza. "Nataka kukiona."

Kaltun alikuwa nacho. Alikuwa akitembea nacho tangu siku ile, amekifunga pindoni mwa shuka lake, hata wakati wa swala alikitoa akakiweka kando. Alimpa. Mzee alikipima mkononi, akachungulia ndani yake, akapitisha kidole kwenye thredi zilizoliwa.

"Ni hiki tu?"

"Ndicho, aabbe."

"Kengele ya ngamia wangu wa mbele ni kubwa kuliko hiki." Alikirudisha. "Ulikuwa na neno la kusema pale."

Kaltun alimwangalia yule mzee, na njia iliyo mbele yake, na zizi atakalolikuta. Alipima kama neno lile sasa litamwondolea mzigo au litamwongezea.

"La, aabbe. Sikuwa na neno."

Jelle aliitikia kwa kichwa polepole. Ilimfaa hivyo. Akapandishwa juu ya mizigo na watu wawili, kama gunia.

*

Damu imelipwa, kazi iendelee. Ndivyo alivyosema Haji Olow, na hakuwa mtu wa kinyongo. Alileta lori lake jingine, la Kijapani, kwa Mahat yule yule. Wanywa chai walirudi. Najib naye alirudi kuegemea, ila sasa alikuwa na sanduku lake la spana na kivuli chake upande wa pili wa mabati, akisubiri.

Mahat alifanya kazi kwa furaha kidogo. Alivua gurudumu, akavua kifuniko, akanyosha kiganja nyuma bila kugeuka, kama siku zote.

"Nipe ya kijani."

Kiganja kilikaa tupu.

"Kaltun, ya kijani."

Kaltun aliinuka kwenye ndoo yake. Aliliinua kopo zima kwa mikono miwili, akazunguka mbele ya mumewe, akaliweka chini, kushoto kwake, karibu kabisa na goti, pale pale macho yake yasipoona. Vikombe vya rangi zote vilimetameta juani.

"Mkono wangu umekwisha kulipiwa," alisema. "Tumia wako."

"Unafanya nini?" Mahat alinong'ona. "Kaltun. Watu."

Kaltun alimpa mgongo. Alirudi kwenye birika lake, akaanza kusuuza glasi.

Mahat alicheka kidogo, kicheko cha kuonyesha kwamba mke amekasirika na mambo ya wake yanajulikana. Kisha alinyosha mkono. Ulitua juu ya mchanga. Ukasogea, ukapapasa nati, ukapapasa kitambaa cha mafuta, ukarudi. Uso wake aliugeuza huku na huku, akitafuta pembe ya jicho itakayomsaidia, na jasho likamtoka mdomoni. Mazungumzo yalikatika moja moja. Kulow, aliyekuja na Haji kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine, alisimama na jicho lake moja akitazama ule mkono, na mtu angeweza kuona jambo likimwingia pole pole na kumfikia mahali.

Haji Olow alilitazama lori, kisha akalitazama sanduku la Najib.

Najib alijinasua kwenye bodi, akaja akachuchumaa karibu na ndugu yake, sauti tamu kama ya mtu anayemfundisha mtoto kutembea.

"Kulia, walaal," alisema. "Kulia kidogo. Kulia tena."

Mkono wa Mahat ukaenda kulia, ukaenda tena, ukitambaa juu ya mchanga mweusi, na kicheko cha kwanza kikasikika upande wa wanywa chai. Kopo lilikuwa kushoto. Kaltun aliliona, akaiweka glasi safi juu ya sinia, akachukua nyingine.